FBP ya sehemu tano kwa mgonjwa wa sepsisi: lipia, ila isome yote

Kabla ya kulipia FBP (picha kamili ya damu, kipimo cha kuhesabu chembe za damu) katika maabara yoyote ya Dar es Salaam, uliza mashine yao ni ya sehemu tatu au tano, yaani inagawa chembe nyeupe katika makundi mangapi. Ya sehemu tatu hutupa monositi, eosinofili na basofili kapu moja. Kwa sepsisi (maambukizi yanapoufanya mwili ujidhuru wenyewe), chukua ya tano.

Karatasi ikitoka, usiishie kwenye jumla ya chembe nyeupe. Tuseme jumla ni 14.0 (elfu kwa kila mikrolita), neutrofili (chembe nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria) asilimia 90, limfositi (chembe nyeupe za kinga mahususi) asilimia 5. Maana yake neutrofili ni 12.6 na limfositi 0.7, gawa neutrofili kwa limfositi, unapata 18. Uwiano mkubwa hivyo si dalili njema, ila kipimo kimoja hakitoshi. Rudia siku ya nne. Homa imeshuka lakini limfositi bado ziko chini ya 1.0? Usishangilie mapema: huenda kinga imelala, na maambukizi mapya ya wodini huwaandama wagonjwa wa namna hii.

Tahadhari na viwango vya vitabu vya Ulaya. Waafrika wengi wana neutrofili chache kiasili, jambo linalotokana na kukosa alama ya kundi la damu la Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo uwiano unaweza kuonekana mdogo kuliko ugonjwa wenyewe. VVU nayo hula limfositi, na deksamethasoni (dawa ya steroidi) huzishusha huku ikipandisha neutrofili ndani ya saa chache. Fomu isiyotaja dawa anazotumia mgonjwa inampotosha msomaji.

Mengi huharibikia kwenye chupa. Ni ile ya kifuniko cha zambarau: ijae hadi alama, igeuzwe polepole mara 8 hadi 10, isitikiswe. Kibonge kidogo tu cha damu kinashusha hesabu ya chembe sahani (zinazogandisha damu). Sampuli ya Kigamboni iliyosubiri kivuko juani hufika chembe zimeanza kuharibika, na mashine huweka nyota pembeni ya namba. Nyota ni ombi la kuangalia slaidi kwa hadubini. Maabara inayotoa majibu yenye nyota bila slaidi, sisi tunaipa nyota moja.

Kipimo cha HLA-DR (protini iliyo juu ya monositi) huonyesha udhaifu wa kinga vizuri zaidi, lakini kinataka sampuli ya baridi na mashine ya aina inayohesabu CD4 (limfositi zinazofuatiliwa kwa wenye VVU). Si kipimo cha kuagiza usiku wa manane.

Damu ya kuotesha vijidudu itolewe kabla ya antibaiotiki, na dawa zianze bila kusubiri FBP.