Drinkmate OmniFizz: kokteli zenye gesi, na kinywaji cha baada ya mbio ndefu

Mashine nyingi za kutengenezea soda nyumbani zina sharti moja: gesi itiwe kwenye maji matupu, vingine vyote viongezwe baadaye. SodaStream, kampuni maarufu ya mashine hizo, imelikazia sharti hilo kwenye maelekezo yake, na ina haki. Maji ya matunda, shira na pombe hutoa povu, povu hupanda kwenye mrija, sukari hukaukia ndani ya vali, na baada ya siku chache mashine inavuja au haipulizi tena. (Ajabu ni kwamba mashine ya kwanza ya ukoo huo, ya mwaka 1903, ilitoka kwa Guy Gilbey wa kampuni ya Gilbey ya London, watengenezaji wa jini, yaani pombe ya gin.) OmniFizz ya Drinkmate imeliondoa sharti hilo, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuinunua. Anayetaka maji ya gesi tu atosheke na mashine rahisi zaidi.

Ujanja wote uko kwenye kichwa cha kupulizia. Kwenye mashine za kawaida kimejengwa ndani, hapa kinatoka. Unakifunga kwenye chupa, unachomeka chupa na kichwa chake kwenye mashine, unabonyeza, kisha unavichomoa vyote pamoja gesi ikiwa bado imefungiwa ndani. Kichwa kina njia mbili za kutoa gesi, moja ya polepole na moja ya haraka. Povu likipanda linaishia kwenye kichwa, nacho unakiosha kwenye sinki. Umeme hautumiki popote.

Wengi hukosea kwa haraka ya kidole. Ukiachia gesi kwa mkupuo baada ya kupuliza kitu chenye sukari, nusu ya chupa itakuwa mezani. Fungua njia ya polepole, tazama povu. Likifika shingoni funga, subiri litulie, fungua tena. Kwa maji matupu kazi hii ni ya sekunde chache, kwa kokteli yenye limau inaweza kuchukua dakika mbili au tatu. Asiye na dakika hizo atairudisha mashine dukani akisema ni mbovu.

Kabla ya kubonyeza chochote, kinywaji kiwe baridi sana. Lita ya maji ya nyuzi 0 ina uwezo wa kushika karibu gramu 3.3 za kaboni dioksaidi kwa shinikizo la kawaida la hewa. Kwa nyuzi 20 uwezo huo unashuka hadi gramu 1.7 hivi. Yaani maji ya bombani yanakula gesi ileile na kurudisha nusu ya msisimko. Laza viungo vyote kwenye friji usiku mzima, hata jini. Kokteli yenye kileo asilimia 12 haigandi kwa nyuzi 0, kwa hiyo usiogope kuisogeza huko.

Adui wa pili ni chembechembe. Kila kipande cha nyama ya tunda, kila punje ya sukari ambayo haikuyeyuka, ni mahali pa kiputo kuzaliwa, na viputo vikizaliwa vyote kwa pamoja ndipo chupa inapofoka. Chuja maji ya limau kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Mwenye subira zaidi atumie agari, unga wa mwani unaogandisha: gramu 2 kwa lita ya maji ya tunda, ichemshwe kwenye robo ya maji hayo hadi iyeyuke, ichanganywe na sehemu iliyobaki ambayo haijachemshwa, iachwe igande, ivunjwe taratibu kwa kijiko na kuchujwa kwa kitambaa bila kukamua. Kinachotoka ni maji yanayong'aa ambayo karibu hayatoi povu. Nanaa, maganda na majani hayaingii kwenye chupa kamwe. Mahali pake ni kwenye glasi. Maziwa, krimu na ute wa yai visahau kabisa.

Kwa kuanzia, kokteli ya mtindo wa Collins, glasi nne: jini mililita 180, maji ya limau yaliyochujwa 75, shira ya sukari na maji uzito sawa 75, maji baridi 270. Jumla mililita 600, kileo kama asilimia 12 ikiwa jini ni ya asilimia 40. Usishawishike kujaza chupa ya lita moja hadi juu kama unavyofanya na maji. Nafasi iliyobaki ndiyo inayookoa meza. Bonyeza mara moja kwa sekunde moja, fungua njia ya polepole, toa kila kitu. Hatua hiyo hufukuza hewa ya kawaida iliyokaa juu ya kinywaji, ambayo isipoondoka huchukua nafasi ya gesi uliyoilipia. Sasa bonyeza tena mara tatu au nne kwa vipindi vifupi, ukisubiri kelele za ndani zitulie kati ya bonyezo na bonyezo. Chomoa, geuzageuza chupa taratibu, iache ipumzike dakika moja kwenye friji ikiwa bado imefungwa, ndipo uanze kuachia.

Kwa nini taabu yote hii wakati mtu anaweza kumwaga jini kwenye toniki? Kwa sababu mililita 50 za jini isiyo na gesi ndani ya 150 za toniki zinapunguza msisimko kwa robo hata kabla ya barafu kugusa glasi. Kokteli iliyopulizwa nzima inakuwa kali toka juu hadi chini, na tofauti unaisikia puani. Pombe hunyonya gesi kuliko maji, kwa hiyo mchanganyiko huu unahitaji bonyezo moja au mawili zaidi kuliko maji ya ujazo uleule.

Rahisi kupita yote ni kokteli ya Americano: Campari (pombe nyekundu chungu) mililita 150, vermouth nyekundu (divai yenye viungo) 150, maji 300. Haina tunda, haina cha kuchuja, na ndiyo ya kujifunzia. Barafu isuuzwe kwa maji baridi kwanza ili utando mweupe wa juu uondoke, maana utando ule unaua gesi, na kinywaji kimiminwe ubavuni mwa glasi iliyoinamishwa.

Kwa wakimbiaji sifa inapungua kidogo. Mashine inafaa, lakini gesi si rafiki wa saa ya kwanza baada ya mbio. Tumbo linajaa upepo kabla kiu haijaisha, na mtu anaacha kunywa akidhani ametosheka. Nusu lita ya kwanza iwe bila gesi. Baada ya hapo kinywaji chenye msisimko mdogo kina faida ya kweli: uchachu wa gesi hukata utamu, na aliyekuwa akinyonya jeli za sukari kwa saa tatu atakinywa kwa hamu.

Kwa mililita 600: sukari gramu 40, chumvi gramu 1, maji ya ndimu yaliyochujwa mililita 30, maji yaliyobaki. Hiyo ni karibu miligramu 400 za sodiamu. Sukari na chumvi ziyeyushwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, yapoe, ndipo yaunganishwe na maji baridi. Ukinyunyiza chumvi kwenye kinywaji ambacho tayari kina gesi, kitafoka mbele yako. Bonyeza mara mbili tu.

Usiitegemee chupa hii kufanya kazi yote. Anayefanya mazoezi magumu tena ndani ya saa chache anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa nne za mwanzo. Mwenye kilo 60 atafute gramu 60 hadi 72 kila saa, na chupa nzima ina 40 tu. Zinazobaki zitoke kwenye chakula, pamoja na protini ya gramu 0.3 kwa kilo. Atakayekimbia tena kesho kutwa ale milo yake ya kawaida tu. Kuhusu maji, jipime kabla na baada ya mbio: kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita 1.25 hadi 1.5, kidogokidogo. Unga wa protini uchanganye kwenye glasi pembeni, kwa sababu protini hushikilia kuta za viputo na povu lake halishuki.

Na Collins? Isubiri. Kinywaji chenye kileo cha asilimia 4 au zaidi huchelewesha mwili kurudisha maji, na hiyo ya juu ni mara tatu yake. Kileo kingi pia hupunguza ujenzi wa misuli hata kama protini imeliwa. Kwanza maji, chumvi na chakula. Glasi ije usiku.

Mtungi wa kawaida una gramu 410 hivi za gesi na huuzwa kwa ahadi ya lita 60. Gawanya: ni chini ya gramu 7 kwa lita, kana kwamba hakuna hata kidogo kinachopotea wakati wa kuachia. Kwa kokteli, ambazo unazitoa hewa mara mbili, hesabu lita 35 hadi 40. Mtungi ni wa kufunga kwa kuzungusha. Ile ya waridi ya SodaStream, inayobanwa bila kuzungushwa, haiingii hapa. Shinikizo halishuki mpaka gesi iliyo ndani kama kimiminika iishe, hivyo dalili ya kuisha huja ghafla. Andika uzito wa mtungi ukiwa mpya na uupime kwa mizani ya jikoni. Usilaze mashine ikiwa na mtungi ndani.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Hakuna geji, unajifunza kwa sikio. Chupa ni za plastiki, zina tarehe ya mwisho iliyochapwa na hazivumilii maji ya moto. Kichwa hubaki na harufu ya kilichopita, kwa hiyo baada ya kila kokteli puliza chupa moja ya maji matupu, umwage. Ukinunua kitu kimoja cha ziada, kiwe kichwa cha pili badala ya chupa ya pili, ili kokteli ipumzike kwenye friji ikiwa imefungwa huku mashine ikiendelea na kinywaji cha mkimbiaji.