Chokaa au saruji kwa ukuta wa kanisa kongwe

Kikanisa cha Nossa Senhora do Baluarte, kwenye Kisiwa cha Msumbiji, kilijengwa mwaka 1522 kwa mawe na chokaa, na bado kinatazama bahari. Anayekarabati kanisa la zamani la matofali ya udongo mkoani Dodoma akikumbuke kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Plasta ya saruji, ndoo 1 kwa 4 za mchanga, hushika upesi na kila fundi anaijua. Tatizo ni ugumu wake. Ukuta laini ukicheza kidogo tu, plasta hupasuka. Mvua za Desemba hadi Aprili huingia kwenye ufa, maji yakakosa pa kutokea, na tofali likaoza kimyakimya nyuma yake.

Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa mtoni uliochekechwa, huuacha ukuta upumue. Kwa jengo kongwe ndiyo chaguo letu, ingawa inataka subira: lowanisha ukuta kwanza, piga tabaka la milimita 10, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki nzima. Upepo mkavu wa Dodoma ukiikausha mapema, haishiki. Ukiipangusa inatoka unga. Anzeni Mei, mvua zikikatika, upande wenye kivuli.