Uzoefu Wangu na Seti ya DVD ya Popeye the Sailor (1933–1938)

Seti hii, iliyotolewa na Warner mwaka 2007, ina diski 4 zenye katuni 60 za baharia Popeye, zilizotengenezwa na studio ya akina Fleischer jijini New York. Isipokuwa mbili tu, zote ni za nyeusi na nyeupe, na nyingi huchukua dakika sita hadi saba. Niliinunua kwa sababu nilichoshwa na nakala zilizotiwa rangi ambazo zimezagaa mtandaoni, na kwa sababu nilitaka kujua kama kicheko nilichokuwa nikikisikia sifa zake kutoka kwa wapenzi wa katuni za zamani kingenifikia mimi ninayezitazama zaidi ya miaka themanini baadaye. Kimenifika. Mapitio haya yanajaribu kueleza kinapotoka, na pia mambo mawili matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Nianze na hizo nakala za rangi, kwani watu wengi hudhani kwamba katuni iliyotiwa rangi ni katuni ileile iliyopendezeshwa. Katika miaka ya 1980 filamu hizi zilichorwa upya kwa kufuatishwa mistari ya zile za asili, kisha zikapakwa rangi ili ziuzike kwenye televisheni. Waliofuatisha hawakufuatisha kila kitu. Vitendo vidogo vilirukwa, mandhari yakasawazishwa kuwa madoa ya kijani na buluu, na uso wa Popeye, ambao katika filamu ya asili hauachi kukunjamana hata sekunde moja, ukageuka kinyago. Katika katuni ya vishindo, kitendo kidogo kikirukwa ndicho kichekesho kimerukwa: ngumi isiyo na ile nusu sekunde ya kuvutwa nyuma haichekeshi, inagonga tu. Diski hizi zimerudisha picha katika hali yake, pamoja na vichwa vya mwanzo vya Paramount, kampuni iliyozisambaza, vilivyokuwa vimekatwa filamu zilipouzwa kwa ajili ya televisheni, na tofauti inaonekana katika dakika ya kwanza.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa sauti. Popeye hazungumzi, anajisemea. Anapopanda ngazi anaguna jambo fulani juu ya ngazi hiyo, anapopigwa analaumu kwa chini chini, anapomwona hasimu wake Bluto, jitu la misuli, akimshika mkono mpenzi wake Olive Oyl anatoa maoni ambayo hata yeye mwenyewe huenda hakuyasikia, na mdomo wake mara nyingi haufunguki kabisa. Sababu yake inajulikana: katika studio hiyo picha zilichorwa kwanza, kisha waigizaji wa sauti wakasimama mbele ya filamu iliyokwisha kukamilika na kuisemea. Penye ukimya waliongeza maneno yao. Jack Mercer, aliyeanza kumsemea Popeye mwaka 1935 akichukua nafasi ya William Costello, alikuwa mfanyakazi wa idara ya uchoraji katika studio hiyohiyo, na alikuwa hodari mno wa kubuni papo kwa papo. Aliyewahi kukaa kwenye banda la video Dar es Salaam akimsikiliza mtafsiri akiongeza utani wake juu ya filamu ya Kihindi au ya Kichina ataitambua ladha hii mara moja: sauti inayoitania picha, ikiwa nyuma yake kidogo. Nilijikuta nikirudisha nyuma mara kwa mara ili nipate neno lililonipita, na mara nyingine hapakuwa na neno, bali mguno tu, na mguno ule ndio uliochekesha.

Mdundo nao una kazi yake. Katika filamu za miaka ya mwanzo hakuna mhusika anayesimama tuli. Wakingoja, wakizungumza, hata wakitishana, magoti yao yanapanda na kushuka kwa kufuata mapigo ya muziki, kama kwamba sakafu yenyewe inapumua. Mwanzoni nilidhani ingenichosha. Baada ya katuni chache nilielewa kwamba mdundo huo humpa mtazamaji kipimo: sikio linajua pigo linalofuata litaangukia wapi, na ngumi inapoangukia hapo hapo mtu anacheka kabla hajafikiri. Pale mchoraji anapoichelewesha kwa makusudi, kicheko huwa kikubwa zaidi.

Mfano bora wa haya yote, kwa maoni yangu, ni katuni ya mwaka 1934 iitwayo A Dream Walking. Olive Oyl anatembea usingizini. Anatoka dirishani kwa gauni la kulalia, mikono ameinyoosha mbele, macho amefumba, na anaingia kwenye jengo refu ambalo bado ni mifupa mitupu ya chuma. Kila anapofika mwisho wa boriti na unyayo wake kuelea juu ya utupu, boriti nyingine inapita chini yake kwa wakati kamili, naye anaikanyaga bila kujua lolote. Wimbo uliokuwa ukipendwa Marekani wakati huo unapigwa polepole, na hatua zake zinaufuata. Nyuma yake Popeye na Bluto wanapaswa kumwokoa, lakini kila mmoja anataka awe yeye peke yake mwokozi, hivyo wanatwangana, wanaangushana na kunasa kwenye vyuma, huku yule anayeokolewa akiwa ndiye pekee asiyehitaji msaada. Sikuwahi kuona hoja juu ya ushujaa wa wanaume ikitolewa kwa ukamilifu namna ile bila neno hata moja la maelezo. Pia hapa ndipo nilipokubali kwamba ukosefu wa rangi si upungufu. Usiku ni wa kijivu cha tabaka nyingi, vyuma vyeusi vinakata anga, na gauni la Olive ndilo jeupe kupita vyote, kwa hiyo jicho halimpotezi kamwe hata boriti kumi zinapozunguka kwa pamoja. Kichekesho cha mwili kinahitaji mwili uonekane vizuri.

Mandhari yenyewe yanastahili kutazamwa. Max Fleischer na nduguye Dave, aliyetajwa kuwa mwongozaji katika filamu hizi, walifanya kazi katikati ya Manhattan wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na mitaa wanayoichora ni ya gati chafu, ngazi za mbao zilizopinda, vyumba vya kupanga vyenye plasta iliyobanduka. Wahusika pia hawana uzuri wowote wa kusifiwa. Popeye, aliyebuniwa na mchoraji E. C. Segar katika katuni za magazeti mwaka 1929, ana jicho moja lililofumba, kidevu kama cha mzee asiye na meno na vigasha vilivyovimba kupita mapaja. Olive ni mrefu kama ufito. Kwa kuwa hawana urembo wa kulindwa, wanaweza kukunjwa, kubanwa na kurushwa bila mtazamaji kuwahurumia.

Kuna aina moja ya utani inayojirudia ambayo sijaichoka. Popeye akipiga kitu, kitu hicho hakivunjiki ovyo, kinagawanyika kuwa bidhaa. Katika katuni ya kwanza kabisa, ya mwaka 1933, anatembea juu ya sitaha akiimba, anaigonga nanga, nayo inakuwa ndoana za kuvulia samaki. Katika nyingine ya mwaka huohuo fahali mkali anapigwa ngumi moja na kutua akiwa bucha kamili, vipande vimepangwa tayari kwa wateja. Haraka ya jambo hili ndiyo siri yake: hakuna anayeshangaa, Popeye haangalii nyuma, wimbo unaendelea.

Nitakuwa mkweli kuhusu kasoro za hadithi, maana zipo. Zinafanana. Popeye na Bluto wanakutana, wanashindana mbele ya Olive, Bluto anamteka au anamsumbua, Popeye anapigwa hadi kukaribia kushindwa, kopo la spinachi, mboga inayompa nguvu za ajabu, linafunguka, Bluto anaruka angani. Mtu akitazama diski nzima kwa mkupuo ataishia kuichukia spinachi. Filamu hizi zilikusudiwa kuonwa moja moja katika jumba la sinema, kabla ya filamu ndefu na zikipishana kwa wiki kadhaa, na nashauri zitazamwe tatu au nne kwa wakati mmoja, si zaidi. Kwa kipimo hicho marudio yanageuka kuwa faida, kwa kuwa swali la mtazamaji haliwi tena nini kitatokea, linakuwa kopo litatokea wapi safari hii na litacheleweshwa kiasi gani.

Zile mbili za rangi ni ndefu kuliko nyingine. Ya mwaka 1936 inamkutanisha Popeye na Sindbad, na ya 1937 inampambanisha na wezi arobaini wa Ali Baba, hivyo msomaji aliyekulia na Alfu Lela Ulela atajikuta ugenini na nyumbani kwa pamoja. Bluto ndiye Sindbad mwenyewe, anajigamba kisiwani kwake, na yule ndege mkubwa wa hadithi anatumwa kumchukua Olive. Baadaye anamchukua Popeye pia, naye anarudi na ndege akiwa amebanikwa na kupakuliwa kwenye sinia. Nilicheka sana hapo. Katika filamu hii ndipo mbinu maarufu ya studio inapoonekana kwa wazi: mandhari yalijengwa kwa vipimo vidogo juu ya meza ya duara inayozunguka, michoro ya wahusika iliyo kwenye seluloidi, yaani plastiki angavu, ikawekwa mbele yake, na kamera ikapiga picha moja moja huku meza ikisogezwa kidogo kidogo, hata Popeye anaonekana akitembea ndani ya pango lenye kina halisi. Inavutia. Hata hivyo, kwa upande wa vichekesho nazipa nafasi ya pili. Ukubwa na fahari vinakula muda ambao katika zile fupi ungetumika kwa utani.

Sasa lile lisilochekesha. Katuni ya kwanza inafanyika kwenye tamasha la michezo, na mojawapo ya vibanda vyake ni ule mchezo uliokuwapo kweli Marekani wa kutupa mipira kwenye kichwa cha mtu mweusi. Mahali pengine wakazi asilia wa Marekani wamechorwa kwa dharau, na zipo sura za Waafrika ambazo mtazamaji wa kwetu hataweza kuzipita kimya. Naona ni sawa kwamba waliotoa seti hawakuzikata, kwa sababu kukata ni kusema kwamba hazikuwapo, lakini mzazi asiwape watoto diski hizi wajitazamie wenyewe sebuleni. Nilizitazama na mpwa wangu wa darasa la sita, na kwenye kibanda kile aliuliza swali ambalo lilihitaji kuzima deki na kuzungumza kwa muda. Mambo ya Bluto kumvuta Olive kwa nguvu nayo yanahitaji mtu mzima karibu, ingawa ni haki kusema kwamba Olive mwenyewe hupiga teke kwa bidii.

Kwa upande wa matumizi, mnunuzi wa Afrika Mashariki ajue kwamba hizi ni diski za kanda namba 1, yaani Marekani na Kanada, ilhali sisi tumewekwa kanda namba 5. Deki yangu ya zamani ilikataa katakata. Ile ya bei nafuu niliyoinunua dukani mtaani, isiyojali kanda, ilizisoma zote bila tatizo. Hakuna sauti ya Kiswahili wala manukuu yake. Asiyejua Kiingereza atakosa minong'ono ya Mercer, na hiyo ni hasara ya kweli, lakini hatakosa hadithi, kwa sababu hadithi yote iko kwenye miguu na mikono. Mama yangu, ambaye Kiingereza si lugha yake, aliitazama ile ya boriti mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe cha chai bila kukinywa.

Nyongeza zilizomo ni za thamani kwa anayependa historia. Kuna filamu za bubu za kabla ya Popeye, zikiwemo za Koko, yule mchekeshaji anayetoka kwenye kidau cha wino, ambaye michoro yake ilifuatishwa kutoka kwenye picha za Dave Fleischer aliyevaa mavazi ya mchekeshaji. Kuna pia makala ndefu kuhusu Popeye mwenyewe. Niliposoma zaidi baadaye nilikuta kwamba mwaka 1937 wafanyakazi wa studio walifanya mgomo wa miezi kadhaa, na walipokuwa wakizunguka nje ya jengo waliimba wimbo wa Popeye kwa maneno mapya ya chama cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata studio ilihamia Miami.

Atakayeipenda seti hii aendelee na ya pili, ya 1938 hadi 1940, hata kama ni kwa ajili ya katuni iitwayo Goonland peke yake. Humo Popeye na baba yake wanapigana na majitu mengi kiasi kwamba ukanda wa filamu wenyewe unakatika, majitu yanamwagika nje ya picha, na mikono ya mtu halisi inaingia kuziunganisha pande mbili kwa pini ili pambano liendelee. Seti ya tatu, ya 1941 hadi 1943, nimeiagiza lakini kwa hamu ndogo, kwa kuwa kufikia 1942 akina Fleischer walikuwa wameondoka kwenye studio yao na mwaka 1943 rangi ikachukua nafasi yote. Hii ya kwanza naipa nyota tano, na moja kati ya hizo tano ni ya ile nanga iliyokuwa ndoana.