Daftari la A5 la kuandikia kila siku: anza na karatasi

Anayeandika kila siku ili ajifahamu, kisha ampe mwenzake asome, hahitaji daftari la fahari. Ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210, unatosha. Ukurasa hujaa kwa kikao kimoja wala hautishi.

Karatasi ndiyo ya kuchunguza. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba huipokea bolpeni vizuri, lakini wino wa majimaji mara nyingi hupenya hadi nyuma. Tafuta gramu 100. Kisha lifungue daftari katikati: lililoshonwa kwa uzi hulala bapa, la gundi tupu hujikunja, na ukilikandamiza, mgongo hupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka.

Piga pambizo la sentimita 3. Hapo ndipo, baada ya mwezi, utajijibu mwenyewe kwa wino wa rangi nyingine, na rafiki unayemwamini ataandika swali lake. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Wengi hulijaza pambizo siku ileile, wakakosa mahali pa kujibiwa.

Madaftari yenye tarehe zilizochapwa yaepuke: ukikosa siku 3, kurasa tupu hukusuta mpaka ukaacha.