Nimesikiliza rekodi za bure za Kristin Neff za mazoezi ya kujihurumia mwezi mzima, mrejesho wangu huu

Nianze na kilichonipeleka huko. Nilifeli karatasi moja ya mtihani wa bodi, moja tu, na hiyo ni mara ya tatu, siku matokeo yanatoka nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala nimebanwa siti ya nyuma najisemea maneno ambayo hata adui yangu siwezi kumwambia, we mjinga, umri umeenda, wenzio washajenga. Konda ananidai nauli mara mbili sisikii.

Shoga yangu ndio akanitumia link. Huyu mama ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, rekodi zipo kwenye tovuti yake, bure kabisa, gharama ni bando lako tu. Neno lenyewe, kujihurumia, lilinikera mwanzoni maana kwetu ukisema fulani anajihurumia watu wanaelewa ni mtu wa kudeka. Kumbe yeye anataka vitu vitatu, ukiri kwamba hapa nimeumia bila kukuza wala kuficha, ukumbuke binadamu wote wanakosea sio wewe tu, halafu ujisemeshe kwa upole.

Ile fupi ya kama dakika tano ndio nimeitumia sana. Unaweka mkono kifuani unajiombea. Mara ya kwanza nilifunga mlango nikacheka peke yangu, mtoto akiingia si atadhani presha imepanda? Ila Kiingereza kilikuwa hakiniingii, ikabidi nijitafsirie, nikawa nasema "pole mwanangu, umechoka" vilevile alivyokuwa anasema bibi yangu, na hapo ndipo machozi yalitoka.

Zile ndefu za dakika ishirini na kitu, za kupumua na kukagua mwili kuanzia miguuni, zimenishinda. Nalala. Nimejaribu mara tano sijawahi kufika mwisho, wenye shida ya usingizi chukueni hizo.

Zoezi la kuandika ndio kiboko. Rafiki yako akifeli ungemwambiaje, na wewe ukifeli huwa unajiambiaje. Nikapiga mstari katikati ya daftari, upande wa rafiki nikaandika "pole shoga, karatasi moja hiyo, twende tukale chipsi kwanza". Upande wangu siandiki hapa jamani. Nilikaa naliangalia lile daftari mpaka chai ikapoa.

Kuna na dodoso lake la maswali 26, alilitoa tangu 2003, unajipima unajihurumia kiasi gani. Nikapata maksi za chini, basi nikaanza kujitukana kwa kufeli mtihani wa kujihurumia, aisee!!

Nyota nne kati ya tano, moja nimekata sababu ya kule kulala. Karatasi narudia Novemba, ile ratiba ya kuamka saa tisa usiku kusoma nimeshaibandua ukutani, sasa hivi nasoma masaa mawili jioni nikishapakua chakula, na Jumapili sigusi kitabu.