Vifaa vitatu vya kusikilizia podikasti, na kimoja kilichobaki shingoni

Nashona Ngamiani, Tanga. Kutwa nzima mikono na macho vina kazi, masikio hayana. Ndiyo maana podikasti, vipindi vya sauti unavyoshusha mtandaoni, zimeniingia: makala za DW Kiswahili, taarifa za BBC Swahili zilizonipita jana, mtu anayesimulia habari za pwani bila haraka. Muziki siukatai, ila wimbo wa dakika tatu unaisha hata mkono wa gauni sijaupachika.

Zamani nilitumia simu, na nisiseme uongo, kwa podikasti simu haina mpinzani. Niliweka AntennaPod, programu ya bure, isiyo na matangazo yake. Ukiiambia isubiri Wi-Fi inashusha vipindi yenyewe bila kugusa bando, na kesho inaendelea pale pale ulipoishia. Shida ni kwamba simu ndiyo ofisi yangu. Huyu anatuma picha ya mshono WhatsApp, yule anapiga kuuliza gauni la send-off limefikia wapi, ujumbe wa pesa unaingia, na kila mara mazungumzo yanakatika katikati ya sentensi. Ikifika saa tisa alasiri chaji imekata. Msimu wa sare za shule, ule wa Desemba kuingia Januari, oda mbili zilinipita kwa sababu simu ilikuwa imezima. Nikasema basi, masikio yapate kifaa chao.

Nilianza na redio ya flash, vile visanduku vyenye spika, tundu la flash na tundu la memori kadi. Shilingi 25,000. Sauti ilitoka vizuri, tena kupita kiasi: kipindi cha uzazi wa mpango kilisikika mpaka kwa muuza mkaa, na wateja wangu wanaume wakawa wanasubiri suruali zao wakitazama chini. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni usahaulifu. Umesikiliza dakika 52 za kipindi cha dakika 80, unazima ukaswali, ukirudi kinaanza mwanzo. Kitufe cha kusogeza mbele ndicho hicho hicho cha kuruka faili. Ukiachia kidole kabla ya wakati, umeshahamia kipindi kingine.

Na kilikuwa na kichaa kingine. Mfululizo wa sehemu nane kilinichezea ya tatu, ikaja ya saba, ndipo ya kwanza. Nikampigia mtoto wa dada yangu anayeuza vifaa vya simu Kariakoo.

"Shikamoo mama mdogo. Uliziingiza vipi, kwa mpangilio?"

"Nilinakili tu zilivyokuwa."

"Basi ndiyo hapo. Hiyo haisomi majina, inafuata ilivyoingizwa. Futa zote, uingize moja moja, ya kwanza ianze."

Nikafanya hivyo, zikanyooka. Lakini nani ana muda wa kuingiza moja moja kila Jumapili?

Cha pili kilikuwa kitochi, 32,000, bila laini ndani. Hiki nakiheshimu mpaka leo. Chaji ilikaa karibu wiki, vitufe unavitambua kwa kidole, redio ya FM ipo, na spika yake ya kopo, ambayo kwa muziki ni adhabu, kwa sauti ya mtu anayeongea inatosha kabisa. Kilichoniudhi ni kioo. Kinaonyesha herufi chache za mwanzo wa jina la faili, na vipindi vya mfululizo mmoja vyote vinaanza kwa jina lile lile. Orodha ya mistari kumi inayofanana! Nilikuwa nafungua kimoja kimoja nikisikiliza salamu ya mtangazaji ndipo nijue niko wapi. Nacho pia, ukitoka kwenye kicheza muziki, kinasahau.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotafuta. Muuzaji ukimwambia unataka cha kusikilizia anakwambia besi, ukubwa wa GB, rangi. Kwa mtu wa podikasti hayo ni mapambo. Mimi nataka kifaa kikumbuke nilipoishia, kwa kila faili, na kiwe na vitufe ninavyoweza kubonyeza bila kuinua macho kwenye sindano.

Nikamtuma yule kijana anitafutie kicheza MP3 kidogo cha kubana kwenye nguo. Maduka matatu ya kwanza yalimcheka: hizo si za zamani? Ni kweli ni za zamani. Neno lenyewe podcast lina iPod ndani yake, kifaa cha Apple cha mwaka 2001. Neno likazaliwa 2004, na 2022 Apple ikatangaza kuachana na iPod kabisa. Mtoto amemzika mzazi.

Nilimpa jaribio la kufanya pale pale dukani. Cheza kipindi mpaka katikati, ingia kingine ukicheze kidogo, zima, washa, halafu rudi kile cha kwanza. Vingi vinakumbuka faili la mwisho tu, kwa hiyo jaribio la faili moja linakudanganya. Duka la nne muuzaji alichoka: "Sasa kaka, unanunua au unasikiliza?" Akanunua. Shilingi 85,000, kina folda maalumu ya vitabu na podikasti, na vya humo ndani vinakumbukwa kimoja kimoja. Nyimbo hakizikumbuki, inabidi uweke vitu mahali pake.

Nina nacho miezi kumi na moja sasa. Kwa waya kinanipa siku mbili za kazi. Kwa bluetooth hakimalizi hata moja, kwa hiyo nimebaki na waya. Waya nao ulitaka kuniumiza. Nilikuwa napiga pindo la pazia, ukaning'inia, gurudumu la cherehani likaunasa, likauvuta na hedifoni ikachomoka sikioni kama jino. Kuanzia siku ile naupitisha mgongoni, ndani ya blauzi.

Navaa upande mmoja tu ili nimsikie mteja akibisha hodi. Hapo nikagundua vipindi vingine wamerekodi mtangazaji sikio la kushoto na mgeni sikio la kulia. Nikawa nasikia maswali bila majibu, nikidhani mgeni kanuna. Simu janja ina mahali pa kuunganisha pande zote mbili, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Kifaa changu hakina. Kijana akanionyesha kuvigeuza kwa programu ya Audacity kwenye kompyuta, pande zote mbili ziunganishwe kuwa sauti moja, 64 kbps (kbps ni wingi wa data kwa kila sekunde ya sauti). Saa moja iliyokuwa inakula karibu MB 58 kwa 128 kbps ikawa MB 29, na kwa maneno matupu sisikii tofauti.

Memori kadi ndiyo iliyonitoa machozi. Nilinunua mtaani ya GB 64 kwa 9,000, nikajiona mjanja. Vipindi vya mwanzo vikacheza, vya baadaye majina yapo, sauti hakuna. Kadi ilikuwa imechakachuliwa: ndani ina nafasi ndogo, ila inaidanganya kompyuta kwamba ni kubwa, na ikijaa inaandika juu ya vya zamani au inatupa. Ipo programu ya bure ya kompyuta, H2testw, inayoijaza kadi yote na kuisoma tena. Sasa sinunui bila kupimiwa. Na GB 64 sikuihitaji. GB 32 inabeba zaidi ya saa 500 hata kwa 128 kbps, na vifaa vingi vya bei ndogo haviisomi kadi kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu ya namna zinavyofomatiwa.

Jingine la kuangalia ni chaji. Tundu la changu ni la Type-C, ila nikichomeka waya wenye C pande zote mbili hakiingizi kitu. Nilidhani kimekufa. Fundi simu akaleta waya wa kawaida, ule wenye kichwa kipana upande wa chaja, kikawaka. Akasema waliokitengeneza wamebana matumizi, hawakuweka vipuri viwili vidogo vya kuiambia chaja itoe umeme. Usikirudishe dukani kabla hujajaribu waya mwingine.

Kibanio kilikatika mwezi wa saba. Nimekishonea kifuko cha mabaki ya kitenge, kina tundu la waya na dirisha dogo la vitufe, kinaning'inia shingoni pamoja na futi yangu. Wateja wawili wameshaniuliza kifuko nauza bei gani.