Uzoefu wangu na Autoruns: kisu kikali kisicho na ala

Mashine nyingi za steshenari hapa Tanga, Ngamiani hadi Makorora, ni desktopu za mtumba: RAM GB 4, HDD (diski ya kuzunguka) ya zamani, Windows 10. Umeme ukikatika mara mbili kabla ya adhuhuri, mashine itawashwa mara tatu, na kila mara mteja na fomu yake mkononi anabaki kaunta akitazama kiduara kinavyozunguka. Mara nyingi Windows inasingiziwa tu. Kinacholemea ni programu zilizojiandikisha zenyewe ziamke nayo: ya simu za video, ya muziki, ya torenti, ya kusasisha kisomaji cha PDF, ya printa iliyokwisha kuuzwa. HDD husoma kwa mkono mmoja. Programu kumi zikiugombea kwa wakati mmoja, zote zinachelewa.

Autoruns ni programu ya kuonyesha na kuzima kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Ni ya bure, imo kwenye zana za Sysinternals ambazo Mark Russinovich na Bryce Cogswell walizianzisha mwaka 1996 na Microsoft ikazinunua mwaka 2006. Ni MB chache, haihitaji kusakinishwa, inakaa kwenye flashi. Naipa nyota nne.

Lakini usianze nayo. Anza na Task Manager: Ctrl+Shift+Esc, kisha "Startup" (kwenye Windows 11 ni "Startup apps"). Bonyeza kulia usichokitaka, chagua "Disable". Safu ya "Startup impact" ikisema "High", maana yake programu hiyo imetumia prosesa zaidi ya sekunde 1 au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Kwa mashine nyingi hapo pametosha. Tatizo ni kwamba Task Manager inaonyesha sebule tu. Huduma za nyuma na kazi zilizopangiwa ratiba hazimo kwenye orodha hiyo, na visasishaji vingi vinajificha huko huko, vikila bando asubuhi kabla hujafungua hata barua pepe moja.

Autoruns inafungua vyumba vyote. Fungua zipu uliyoipakua, bonyeza kulia Autoruns64 na uchague "Run as administrator". Ukisahau hatua hii, ukiondoa tiki kwenye mambo yanayohusu watumiaji wote utakataliwa. Subiri imalize kukagua, kwa HDD inachukua muda. Kisha nenda "Options", weka tiki "Hide Windows Entries". Wengi wanakimbilia "Hide Microsoft Entries" kwa sababu orodha inakuwa fupi, halafu wanashangaa OneDrive na Edge hawazioni. Nazo ni za Microsoft, zimefichwa pamoja na nyingine.

Vichupo vya kushughulika navyo ni vitatu: "Logon", "Scheduled Tasks" na "Services". "Drivers", "Winlogon", "Boot Execute" na "Winsock Providers" viache kama ulivyovikuta. Ukikosea kwenye "Drivers" mashine inaweza isiwake kabisa, na ukivuruga "Winsock Providers" intaneti inakata huku waya uko mahali pake. Hata ndani ya "Services" kuna mitego: Spooler ikizimwa hakuna kuprinti, na kwenye steshenari hilo ni sawa na kufunga duka. Kwa laptopu, usiguse programu ya tachipadi. Ya sauti, Realtek, nayo iache. Sauti huenda ikabaki, ila mashine ikaacha kutambua kwamba umechomeka hedifoni.

Rangi ndizo zinazonifanya niipende. Mstari wa njano maana yake faili halipo tena. Wenye duka la kuprinti wanaujua ugonjwa huu hata kama hawajui jina lake: flashi ya mteja imeleta kirusi, antivairasi imefuta faili lake, lakini kila mashine ikiwaka kinatokea kidirisha cha Windows Script Host kikilalamika kwamba hakioni skripti. Kirusi kimeondoka, mwaliko wake umebaki. Tafuta mstari wa njano unaotaja faili hilo, ondoa tiki, kidirisha hakirudi. Wapo wanaopiga Windows upya kwa tatizo hili, kazi ya nusu siku badala ya dakika mbili.

Waridi ni faili lisilo na jina la mtengenezaji au ambalo sahihi yake haikuthibitika. Si lazima liwe baya. Programu nyingi ndogo halali ziko hivyo. Kwa mashaka, nenda "Options", "Scan Options", washa "Check VirusTotal.com", tovuti inayolinganisha faili na injini nyingi za antivairasi. Kinachotumwa ni alama ya faili, si faili lenyewe, mradi usiguse chaguo la "Submit Unknown Images". Injini moja kati ya sabini ikilalamika, mara nyingi ni kelele. Zikiwa ishirini, hapo una kazi.

Nyota ya tano imepotea hapa: kuondoa tiki kunarudishika, kufuta hakurudishiki. Ukibonyeza "Delete" inakuuliza mara moja, basi, na baada ya hapo hakuna kitufe cha kurudi. Ondoa tiki tu, tumia mashine wiki nzima, ndipo ufute. Kabla ya yote, "File", "Save", upate faili la .arn, baadaye ukitumia "Compare" vilivyoongezeka vinaonekana kijani. Na ujue kuwa ulichokizima kwenye "Logon" kinahamishiwa mahali pa pembeni paitwapo AutorunsDisabled, hivyo fundi mwingine atakayefungua Task Manager hatakiona. Mwachie maandishi.

Autoruns haipimi muda. Kwa hilo fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, shuka "Applications and Services Logs", "Microsoft", "Windows", "Diagnostics-Performance", "Operational", utafute tukio namba 100: muda wa kuwaka umeandikwa humo kwa milisekunde. Tukio 101 linataja programu iliyochelewesha. Unapojaribu tumia "Restart", si "Shut down", maana Fast Startup ikiwa imewashwa kuzima kwa kawaida kunahifadhi sehemu ya Windows kwenye diski na kipimo chako kinadanganya.

Zipo programu zinazojiandikisha upya kila zikifunguliwa au zikijisasisha. Kwa hizo kuondoa tiki ni kufagia wakati upepo wa bahari unavuma; ingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe uzime humo. Edge ni "Startup boost". Chrome ni lile chaguo la kuendelea kufanya kazi nyuma hata ukishaifunga, liko chini ya "System".